Uzi (mjadala) wa kazi za ngozi za mkono: kabla hujanunua chapa nyingine ya nakshi, jua maji kwanza

Wakuu habari zenu. Kila mara anakuja mtu anauliza "nianze na vifaa gani", anapewa orodha ndefu ya vitu thelathini, anaenda kununua vyote, mwezi mmoja baadaye amechora ua moja ambalo halieleweki na vifaa vimeishia kwenye droo. Mie hii kazi nimeifanya miaka 7 sasa, sio ajira, ni jioni na wikiendi tu, ila naipenda kuliko kitu kingine chochote ninachofanya kwa mikono yangu, na inaniuma sana kuona watu wanaikatia tamaa kwa sababu ya mambo mawili ambayo dukani hayauzwi, yaani kuujua unyevu wa ngozi na kujua kunoa. Kwa hiyo nimeona nifungue uzi niandike kila ninachokijua, mwenye swali aulize, mwenye kujua zaidi aongezee.

Tuanze na ngozi yenyewe maana makosa mengi yanazaliwa hapo kabla hata hujashika nyundo.

Ngozi zinatofautiana kwa namna zilivyotiwa dawa kiwandani. Kuna inayokaa kwenye maji ya tanini, ile inayotoka kwenye magome ya miti, inakaa humo wiki kadhaa hadi miezi, hii wengi tunaiita vejitani. Alafu kuna ya kromu ambayo inaiva kwa chumvi za kromu, kazi ya siku moja tu au zaidi kidogo, ndo hii laini ya majaketi, makochi na viatu vingi. Vejitani ukiilowesha ukaigonga inashika alama na alama haiondoki. Ya kromu ukiigonga inarudi kama sponji, utapiga mpaka mkono uingie ganzi na hutaona kitu. Sasa mtu anapata mabaki ya ngozi ya makochi, anaweka maji, anagonga chapa (kile chuma chenye mchoro usoni unachokigonga kwa nyundo kiache alama), haitoki, anasema chapa ni feki. Chapa haina kosa ndugu yangu, ngozi ndo sio yake.

Namna ya kuzijua. Dondosha tone la maji upande wa juu, vejitani ambayo haijapakwa kitu inalinywa na pale pale panakuwa na rangi iliyokolea, kwenye kromu mara nyingi tone linakaa tu juu linakuangalia. Alafu tazama ukingo uliokatwa, kromu mara nyingi katikati utaona ubluu au ukijivu, vejitani ni rangi ya ngano au kahawia mpaka ndani. Wapo wanaochoma kipande kwa kiberiti waangalie jivu, mie siwashauri, kromu sio kitu cha kuvuta moshi wake ndani ya nyumba.

Na ngozi moja haifanani kila sehemu. Mgongoni nyuzi zimeshikana vizuri ni ngumu na haivutiki ovyo, tumboni ni legelege inanyooka kama mpira uliochoka, mabegani kuna mikunjo lakini inachorwa vizuri sana. Mkanda wa kiuno unaukata sambamba na uti wa mgongo, ukiukata kuelekea tumboni baada ya miezi michache matundu yanakuwa marefu na mkanda unapinda kama ndizi. Tumbo usilitupe, fanyia mazoezi na ndani ya kazi ambako hakuna kuvutwa.

Unene ukiona umeandikwa kwa aunsi usichanganyikiwe, aunsi 1 ni kama milimita 0.4. Mkanda milimita 3 mpaka 4, waleti nje milimita 1 hadi 1.5 na mifuko ya kadi ndani iwe 0.8 hivi, zaidi ya hapo waleti inakuwa tofali. Kwa kujifunzia nakshi chukua milimita 2.5 hadi 3, inakupa nafasi ya kukata na kugonga bila kutoboa.

Nitarudi na maji, hilo ndo lililonifanya nifungue huu uzi.

*

Nimerudi. Maji.

Kunakshi ngozi, usawa wa unyevu ndo kila kitu. Watu wanalowesha na sponji wanaanza kugonga hapo hapo, ngozi juu imelowa chapachapa na katikati ni kavu. Unagonga, maji yanatoka pembeni ya chapa, alama inaingia kirahisi unafurahi, kesho ikikauka alama yote imefifia na kingo zake ni za duara duara kama umechora kwenye uji.

Ninavyofanya mie. Napitisha sponji yenye maji safi mpaka ngozi iache kunywa kwa haraka, naitia kwenye mfuko wa plastiki naufunga, nailaza usiku mzima. Usiku ule maji yanasambaa yanafika kila sehemu sawasawa. Asubuhi naitoa naiacha wazi mezani, na hapo sasa ndo penye kazi, kusubiri. Unaiangalia rangi. Mwanzo imekolea, taratibu inaanza kurudi kwenye rangi yake ya ukavu, inaanza pembeni inakuja katikati. Ikikaribia kabisa kurudi iguse na shavu. Ionekane kavu kwa macho lakini shavuni iwe ya baridi. Hapo ndo penyewe. Gonga chapa moja kwenye kipande cha pembeni, ukiona alama imeingia na chini yake imekuwa na ukahawia unaong'aa kama imepigwa pasi basi anza kazi haraka. Ukiona alama imepauka na ni ya juu juu, imekauka mno, pitisha sponji nyepesi usubiri tena. Ukiona maji yanachungulia, rudisha mikono mfukoni ungoje.

Ule ukahawia haununuliwi wala haupakwi. Ngozi yenyewe ndo inautoa ikibanwa ikiwa na unyevu sahihi. Siku ya kwanza nilipouona nilikuwa nimeshagonga ngozi miezi mitano bila kuujua, niliita watu wa nyumbani waje kuona.

Ukisimama kula au kuongea na simu funika kazi kwa plastiki. Na kabla hujaanza kukata bandika tepu pana upande wa nyuma wa ngozi, ngozi yenye unyevu ikigongwa inatanuka, umechora mkanda wa sentimita 100 unamaliza una 102 na maua yamevutika upande mmoja.

*

> "Mkuu kile kisu cha kukatia nakshi, chenye shingo inayozunguka, kinanishinda, mistari yangu inatetemeka kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Ni mkono wangu au kisu?"

Mara nyingi ni kisu, yaani ni makali yake. Kisu kipya hata cha bei kinakuja hakijanolewa vya kutosha. Kata kipande cha ngozi gundisha kwenye ubao bapa, sugua juu yake ile dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, pitisha kisu kwa kukivuta nyuma tu, usikisukume mbele kitakata hiyo ngozi ya kunolea. Mara kumi upande huu, kumi upande ule, pembe isibadilike. Alafu katikati ya kazi kila baada ya dakika chache unarudia, sio mpaka kigome. Kisu kikiwa tayari kinateleza kwenye ngozi kama mashua, ukitazama ndani ya mkato kuta zake zinang'aa. Kisipokuwa tayari unakisikia kinakwaruza, ngozi inajikunja mbele ya kisu na wewe unaanza kukandamiza, ndo mwanzo wa kutetemeka.

Sasa kushika. Kidole cha shahada kinakaa juu kwenye kile kitanda cha kulaza kidole kwenye kichwa cha kisu, hicho ndo kinakandamiza, gumba na kidole cha kati ndo vinazungusha shingo. Kisu unakivuta kuja kwako, kona ya makali ndo inakata sio makali yote. Na kisimame wima usikilaze kushoto wala kulia, ukikilaza unakata chini kwa chini na ukija kugonga beveli (chapa ya kushusha ngozi pembeni ya mkato ili ua liinuke) ngozi inainuka kama ganda. Kina chako theluthi mpaka nusu ya unene. Usichore ua leo. Chora mistari iliyopinda, mirefu, pumzi moja kwa mstari mmoja, jaza kipande kizima, kesho tena. Kwenye pinda geuza ngozi kwa mkono mwingine, usijipinde wewe.

> "Na beveli? Yangu inaacha ngazi ngazi."

Hapo unaruka sana. Ule upande mrefu wa beveli unakaa kwenye mkato, unagonga, unasogea theluthi ya upana wa chapa, unagonga. Nyundo haipigi kwa nguvu ya bega, ni kifundo cha mkono, kama unagonga mlango wa mtu aliyelala na hutaki kumuamsha kwa hasira. Chapa kaa nayo karibu sana na ngozi, ikiinuka kidogo tu baada ya pigo unaisogeza hapo hapo. Ukizoea mlio unakuwa mmoja mfululizo, na ukiisikiliza utajua mwenyewe umekosea wapi kabla hujaangalia.

Mpangilio wa mtindo wa maua ya Sheridan, ule unaohusishwa na fundi matandiko Don King wa mji wa Sheridan, Wyoming, Marekani, unaanza na mikato yote, kisha chapa za kupambia mashina, kisha za kuzamisha petali, ndo beveli, kisha mishipa ya majani na vitovu vya maua, mwisho kabisa unajaza mandharinyuma na kumalizia na mikato ya mapambo kwa kisu. Ile mikato ya mwisho ndo roho ya ua, inaanza nene inaisha kwa uzi mwembamba, na haina ufutio.

*

Kuna kitu nimesahau na kimenigharimu. Kaka yangu aliniomba mkanda, mwaka wa kwanza nilioanza, nikamnakshia majani urefu mzima, kazi ya wiki mbili. Siku ya mwisho ngozi ikiwa bado mbichi nikaweka rula ya chuma juu yake nikaenda kufungua mlango, tukaongea. Narudi naikuta, naondoa rula, kuna mstari mweusi wa bluu umenyooka katikati ya majani. Nikasugua, ndo kwanza unakolea.

Ile sio uchafu. Chuma kikikutana na tanini kwenye unyevu vinatengeneza weusi, ni kitu kile kile kilichokuwa kinatumika kutengenezea wino wa zamani. Kwa hiyo kwenye vejitani mbichi usiache kitu cha chuma, usitumie kopo lenye kutu kuwekea maji, na kama umetoka kunoa kisu nawa mikono maana vumbi la chuma kwenye vidole linaacha vidoti ambavyo vinatokea kesho yake. Ikishatokea, maji ya limao yanasaidia kufifisha, paka mara moja, subiri, suuza vizuri na maji safi. Wakati ule sikulijua hilo, mkanda wote niliupaka rangi nyeusi kuficha mstari, nakshi ikapotea humo humo. Bado kaka anauvaa na kila nikiuona naijua ile sehemu ilipo.

Ila jambo hilo hilo ndo limenipa rangi nyeusi nzuri kuliko zote, nitaieleza kwenye rangi.

*

> "Tuambie basi vifaa, umezunguka sana."

Sawa. Ukiwa na hela kidogo, nyingi weka kwenye ngozi nzuri na kisu kizuri, kinachobaki ndo kigawane vingine.

Kukata, kisu cha kawaida cha blade za kuvunja kinatosha kabisa mwaka mzima, badilisha blade usionee huruma. Rula ya chuma yenye mpira chini isiteleze. Bikari moja, hii inachora mstari wa kushonea ukifuata ukingo na inapima kila kitu. Msharasi mmoja mzuri, ile ncha ya chuma ya kutobolea ngozi. Sindano butu za kushonea ngozi, butu wakuu, sindano kali inatoboa uzi wako mwenyewe. Uma wa kutobolea matundu, nunua wa meno mawili kwa kona na wa meno manne au sita kwa mistari, nafasi ya milimita 4 kwa mikanda na mifuko, 3 kwa waleti. Nyundo iwe ya plastiki ngumu, ya mbao au ya ngozi iliyoviringwa. Nyundo ya chuma inaponda vichwa vya chapa vinachanua kama uyoga na siku moja kipande kinaruka usoni.

Chini ya ngozi wakati wa kunakshi weka jiwe. Kipande cha graniti au marumaru kilichobaki kwenye kazi ya ujenzi, bapa, kinene, kizito, unaona tofauti pigo la kwanza kwa sababu nguvu yako yote inaingia kwenye ngozi badala ya kunyonywa na meza. Lakini ukitoboa matundu ondoa jiwe uweke ubao wa plastiki, meno ya uma yakigusa jiwe mara moja tu umeyaua.

Chapa za nakshi anza na sita hivi. Beveli mbili ndogo na kubwa, ya kuzamisha petali, ya mishipa, ya vitovu, ya mandharinyuma. Basi. Zile seti za chapa mia kwenye boksi moja naomba sana msizinunue. Ziangalie kwa karibu nyuso zake, mistari ni mifu, kona zimejaa ile rangi ya kung'aa waliyopakia juu, ukigonga kinachotoka ni doa. Chapa moja yenye uso mkali uliochongwa vizuri inakufundisha kuliko hizo mia. Na nyingine unajitengenezea, msumari mnene au bolti, unaikata bapa, unaichonga kwa tupa ndogo, unaing'arisha kwa msasa. Chapa yangu ya vitovu ninayoitumia mpaka leo ni msumari. Ncha ya kijiko kilichosuguliwa kikawa laini inalainisha petali vizuri sana.

Kishikio cha kushonea, ile jiliwa ya mbao unayoikalia au kuibana mapajani, tengeneza mwenyewe kwa mbao mbili na bolti moja, midomo ibandikwe ngozi isikwaruze kazi. Bila hiyo mikono yako miwili haiko huru, na kushona kwa mkono kunataka mikono miwili.

Cherehani? Ya nguo ya nyumbani haiwezi ngozi nene, utaichosha mota uvunje sindano. Inatakiwa ile ambayo mguu wake wa juu unatembea pamoja na kitambaa. Kwa hobi mie naona subiri kwanza, na sababu ni hii inayofuata.

*

Kushona.

Mshono wa mkono wa sindano mbili kwa uzi mmoja ni imara kuliko wa cherehani. Cherehani ina nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinashikana katikati ya ngozi, wa juu ukilika sehemu moja mshono unaanza kufumuka. Wa mkono kila tundu limepitiwa mara mbili, huku unaenda huku unarudi, kipande kimoja kikikatika cha pili bado kimeshika.

Pima uzi mara nne ya urefu wa mshono, ngozi ikiwa nene ongeza. Uupake nta ya nyuki mpaka ukiuachia usimame. Uzi wa milimita 0.6 kwa nafasi za 3 mpaka 4 unapendeza, mkanda nenda 0.8 au 1.

Siri ya mistari iliyolala vizuri kama ya kwenye matandiko ni kurudia kitu kile kile kila tundu bila kubadilisha hata mara moja. Mkono ule ule uanze, sindano ya pili ipite upande ule ule wa uzi wa kwanza, vuta kwa nguvu ile ile mikono yote miwili. Ukianza na kulia tundu moja na kushoto tundu linalofuata utaona mshono unayumba na hutajua kwa nini. Sindano ya pili ikiingia vuta uzi wa kwanza nyuma kidogo, ili ujue hujautoboa. Mwisho rudi nyuma matundu mawili au matatu. Uzi wa poliesta ukate ubakize milimita mbili uyeyushe kwa kiberiti, wa kitani ukate karibu kabisa uweke tone la gundi.

Kabla ya kushona gundisha. Gundi ya kupaka pande zote mbili, unaacha ikauke mpaka ukigusa isishike kidole, ndo unabana. Upande laini wa ngozi ukwaruze kwanza na msasa sehemu itakayopata gundi, la sivyo itaachia. Fungua madirisha.

*

> "Kingo zangu zinatoka manyoya manyoya hata nikipaka nta."

Nta ni ya mwisho mkuu, wewe umeanza na mwisho. Kwanza tabaka zote ziwe sawa, piga msasa 220 mpaka mstari wa gundi usionekane. Ondoa kona juu na chini kwa kile kifaa cha kukata kona, kikali. Msasa 400, kisha 600. Kama unapaka rangi ukingo paka sasa. Lowesha kidogo kwa kidole au paka gundi maji ya kulainishia, sugua kwa kipande cha mbao chenye mfereji au kitambaa cha turubai, haraka na mkono mwepesi. Mnakandamiza sana, ukikandamiza ukingo unapasuka kama uyoga pembeni. Joto la msuguano ndo linafanya kazi. Utasikia mlio unabadilika, mwanzo unakwaruza, alafu unakuwa mlaini, alafu kitambaa kinaanza kuteleza na ukingo unang'aa kama kioo cha kahawia. Hapo sasa ndo nta, kidogo, sugua tena. Ukirudia mara mbili hutaona tena kwamba zilikuwa tabaka tatu.

Ngozi ya kromu haikubali hii. Ukingo wake unakunjwa kwa ndani au unapakwa rangi nene ya ukingo, tabaka nyembamba, ikauke, msasa mwepesi, tena, hata mara nne tano.

*

Rangi na kumalizia, nifunge deni langu.

Rangi za spiriti zinakauka haraka na ni rahisi kuacha mabaka, za mafuta zinasambaa taratibu na kwa usawa, za maji hazina harufu ila zinataka subira zaidi. Vyovyote vile, jaribu kwanza kwenye kipande cha ngozi ile ile, sio ngozi nyingine. Vaa glavu. Paka nyembamba mara mbili kwa mizunguko, usipake nene mara moja. Mie napaka mafuta ya kwato kidogo sana siku moja kabla, haya yanatoka kwenye miguu ya ng'ombe, rangi inaingia sawasawa zaidi. Kidogo nasema, ngozi ikishiba mafuta inalegea na nakshi yako inalegea nayo.

Rangi ikikauka futa, futa, futa kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kibaki cheupe. Huu ndo ulinzi wa mashati ya watu.

Sasa ule weusi wa chuma. Chukua waya laini wa chuma wa kusugulia, usiwe na sabuni, uoshe mafuta yake, uvunjevunje ndani ya chupa ya siki nyeupe. Usifunge kizibo kabisa maana inatoa gesi. Iache wiki moja mpaka mbili, ichuje kwa kitambaa mpaka isiwe na vipande. Ni maji tu ya rangi hafifu, ukiyaangalia hutayaamini. Yapake kwenye vejitani, na hapo tulia uangalie, kwanza inakuwa kijivu, sekunde chache bluu, alafu mbele ya macho yako inazama inakuwa nyeusi. Ile sio rangi imekaa juu, ni tanini ya ngozi yenyewe imegeuka, haitoki kwenye kitambaa wala kwenye suruali. Ikifika unapotaka izime tindikali kwa soda ya kuokea iliyoyeyushwa kwenye maji mengi, suuza, na ikiwa inakaribia kukauka ipe mafuta maana hii kazi inaikausha ngozi. Kwenye kromu haitafanya kitu, hamna tanini humo.

Kwa kazi ya nakshi kuna ile pesti ya kuzeesha, inajaza mikato na mandharinyuma rangi iliyokolea ili ua liinuke. Kabla yake paka kizuizi, tabaka nyembamba mbili za lakiri (vanishi) ya ngozi zikauke vizuri, ndo upake pesti na uifute juu kwa kitambaa kilichokunjwa bapa kisiingie mikatoni. Bila kizuizi pesti inaingia kila mahali na maua yako yanakuwa tope.

Mwisho kabisa, lakiri ya akriliki changanya nusu kwa nusu na maji, paka nyembamba mara mbili tatu. Ikipakwa nene inang'aa kama plastiki alafu ukikunja inapasuka. Kwa waleti mie natumia nta tu, inakaa vizuri mkononi na inazeeka vizuri.

*

> "Nimefuata ya maji, nimeitoa kwenye mfuko asubuhi, mpaka saa nane mchana bado ina rangi iliyokolea. Nikauke na feni?"

Hapana usiweke feni wala jua, juu itakauka na ndani itabaki mbichi, utakuwa umerudi pale pale. Uliiweka maji mengi tu, kwa ngozi ya milimita 3 ni kawaida. Iache. Noa kisu chako wakati unasubiri, chora mistari kwenye kile kipande cha tumbo. Ikianza kupauka pembeni iguse na shavu, alafu gonga mara moja kwenye kona isiyo na kazi na uniambie chini ya alama umeona rangi gani. Hata mie yangu iko mezani hapa, kona mbili zimesharudi rangi yake, katikati bado.